Mbegu ya Marubani

Vijana wengi hupenda habari za ndege za kivita. Hutaka kujua ipi ina kasi kuliko zote, ipi hupaa juu zaidi, na ipi hubeba makombora mengi. Ni maswali mazuri, na majibu yake yamo vitabuni. Lakini mimi sehemu kubwa ya maisha yangu nimeitumia kuwafundisha watu ambao nao wangekwenda kuwafundisha wengine, na kwa sababu hiyo kila nisomapo historia ya ndege hizi najikuta nikiuliza swali jingine. Huyu rubani alifundishwa na nani? Alifundishwa kwa muda gani? Na yule aliyemfundisha aliishia wapi? Swali hili laonekana dogo, lakini nimeona kwamba linaeleza mambo mengi ambayo kasi ya injini na ukubwa wa mizinga haviwezi kuyaeleza.

Ndege yenye injini ilipaa kwa mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1903 huko Marekani, ikiwa kazi ya ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright. Safari ya kwanza siku ile ilichukua sekunde 12 tu. Haikutimia miaka minane kabla chombo hicho hakijaingizwa vitani: mwaka 1911 rubani wa Kiitalia aliangusha mabomu madogo kwa mkono huko Libya. Hata hivyo, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, kazi kubwa ya ndege ilikuwa kupeleleza. Hata hapa kwetu ilikuwa hivyo. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilipojificha katika delta ya Rufiji, Waingereza walileta ndege kuitafuta katikati ya mikoko, na Julai 1915 ndege ndizo zilizowaelekeza wapiga mizinga mpaka meli ile ikaangamia. Wazee wa Rufiji wa wakati ule huenda walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza katika Afrika Mashariki kuona ndege ya vita.

Siku za mwanzo marubani wa pande mbili walikutana angani wakiwa na bastola na bunduki za kawaida. Bunduki ya rashasha ilikuwa na tatizo lake. Rubani hulenga vizuri pale ambapo bunduki inaelekea mbele sawasawa na ndege yenyewe, lakini mbele kuna rafadha inayozunguka, na risasi zitaikata. Mfaransa Roland Garros alifunga vipande vya chuma kwenye rafadha yake ili risasi zitakazoigusa zichepuke, na Aprili 1915 akaangusha ndege tatu za Wajerumani. Mwezi huohuo alilazimika kutua katika ardhi ya adui, akakamatwa pamoja na ndege yake. Muda mfupi baadaye kiwanda cha Fokker kikatengeneza mtambo bora zaidi, uliounganisha bunduki na injini hata risasi zikawa zinapita katika nafasi iliyopo kati ya bapa na bapa la rafadha. Kwa miezi kadhaa Wajerumani walitawala anga. Hapo ndipo ndege ya kivita ilipozaliwa hasa, yaani ndege ambayo kazi yake ni kuangusha ndege nyingine.

Wanahistoria wengi hukaa sana kwenye mtambo ule. Mimi hukaa kwa Oswald Boelcke. Huyu alikuwa kijana wa Kijerumani aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kupewa ndege za Fokker. Aliangusha ndege 40, lakini jambo lililomtofautisha na wenzake ni kwamba alikaa chini akajiuliza kwa nini anashinda, kisha akaandika. Mwaka 1916 alitoa kanuni chache ambazo kila rubani mpya angeweza kuzishika kichwani: jitafutie nafasi nzuri kabla ya kushambulia, na ukiweza liache jua nyuma yako, usiache shambulio ulilolianza, piga ukiwa karibu, usimwondolee adui macho, mwendee kwa nyuma, akikushukia kutoka juu, mgeukie badala ya kukimbia, na usisahau njia ya kurudi nyumbani. Msomaji aliyewahi kuandaa somo ataona mara moja kwamba huyu alikuwa mwalimu. Alichukua ujuzi uliokuwa umejificha mikononi mwake akaufanya maneno machache ambayo mwingine anaweza kuyabeba.

Boelcke aliwachagua wanafunzi wake mwenyewe na hakuwaruhusu kwenda vitani mpaka aridhike nao. Mmoja wao alikuwa Manfred von Richthofen, ambaye baadaye aliangusha ndege 80. Boelcke mwenyewe alikufa tarehe 28 Oktoba 1916, akiwa na umri wa miaka 25, baada ya ndege yake kugusana na ya mwenzake katikati ya mapigano. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amejitupa majini kumwokoa mtoto wa Kifaransa aliyekuwa akizama, mtoto wa taifa alilokuwa akipigana nalo. Jambo hili hunisumbua kila nikilikumbuka. Mikono ileile iliyomtoa mtoto majini ndiyo iliyowafundisha vijana kumpiga mtu mgongoni kutoka karibu. Sina namna ya kulipamba. Nalitaja kwa sababu anayezungumzia ndege hizi asijifanye anazungumzia mashine peke yake.

Upande wa Waingereza hali ilikuwa mbaya. Aprili 1917 walipoteza ndege nyingi mno, na vijana wengi waliokufa walikuwa wamefika kikosini wakiwa na saa chache tu za kuruka. Zaidi ya hayo, wengi walikufa mafunzoni, kabla hawajamwona adui. Ndege ikipoteza mwendo huweza kuanguka ikizunguka kama pia, na katika miaka ile wanafunzi walionywa tu wajiepushe na hali hiyo. Mwalimu mwenyewe mara nyingi alikuwa rubani aliyechoka au aliyejeruhiwa, akipumzishwa kwa kupewa kazi ambayo hakuipenda wala hakuandaliwa kuifanya.

Ndipo akatokea mkuu wa kikosi mmoja, Robert Smith-Barry, aliyekataa utaratibu huo. Mwaka 1917 alipewa shule huko Gosport, kusini mwa Uingereza, na mambo aliyoyafanya pale naamini yangefaa kufundishwa katika kila chuo cha ualimu. Alitumia ndege yenye usukani mara mbili, mwanafunzi akaketi katika kiti cha rubani, na mwalimu akawa anazungumza naye kupitia bomba la kusemea. Badala ya kumkinga mwanafunzi na hatari, alimwingiza kwa makusudi: wakapanda juu, wakaiacha ndege ianguke ikizunguka, kisha mwanafunzi akaonyeshwa namna ya kuitoa, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka hofu ikamtoka. Na jambo kubwa kuliko yote, Smith-Barry aliwafundisha walimu kwanza. Kabla ya hapo watu walidhani kwamba ajuaye kurusha ndege ajua pia kufundisha kuirusha. Sisi tuliokaa vyuoni tunajua dhana hiyo ilivyo na nguvu hata leo, na tunajua hasara yake.

Katika miaka ya 1930 ndege za mbao na vitambaa zilianza kuziachia nafasi ndege za chuma, zenye bawa moja kila upande na injini ya nguvu za farasi zipatazo 1,000. Hurricane ya Uingereza iliruka kwa mara ya kwanza Novemba 1935, na Spitfire ikafuata Machi 1936. Aliyebuni Spitfire, R. J. Mitchell, alifariki mwaka 1937 akiwa na miaka 42, hata hakuiona ikipigana. Wajerumani nao walikuwa na Messerschmitt Bf 109. Kati ya Julai na Oktoba 1940 ndege hizi zilipambana juu ya Uingereza. Waingereza walisaidiwa na rada, na chini yake kulikuwa na mpango mzuri wa kupokea habari, kuzipanga mezani na kuwaongoza marubani kwa redio, kazi iliyofanywa kwa sehemu kubwa na wasichana. Marubani karibu 3,000 walishiriki upande wao, na zaidi ya 500 waliuawa. Wengine waliletwa wakiwa na saa kumi au ishirini tu za kurusha Spitfire. Lakini kikosi cha Wapolandi, namba 303, kilichoingia mapambanoni mwishoni mwa Agosti, kilikuwa miongoni mwa vilivyoangusha ndege nyingi kuliko vingine. Watu hawa walikuwa wamepoteza nchi yao, lakini walikuwa na mamia ya saa za mafunzo waliyoyapata kwao kabla ya vita.

Vita hiyo ilimgusa mtu aliyetembea katika mitaa ya Dar es Salaam. Roald Dahl, ambaye baadaye alikuwa mwandishi mashuhuri wa vitabu vya watoto, alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Shell mjini humo, na alijua Kiswahili. Mwaka 1939 alikwenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga, akajifunza kuruka kwa ndege ndogo iitwayo Tiger Moth, mtu mrefu wa karibu mita mbili aliyekunjwa katika kiti kidogo. Septemba 1940 alipewa ndege ya aina ya Gladiator aipeleke kwenye kikosi chake katika jangwa la Afrika Kaskazini. Giza lilikaribia asikione kiwanja, akaanguka, akavunjika fuvu, akawa kipofu kwa muda. Alipopona alitumwa Ugiriki kurusha Hurricane akiwa hana mafunzo ya kutosha ya mapigano ya angani. Aliandika baadaye kwamba wengi wa wanafunzi wenzake wa Nairobi waliuawa angani katika miaka miwili iliyofuata. Alinusurika, na twaweza kusema vitabu vyake vilinusurika pamoja naye. Wale wengine hatujui wangeandika nini.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike insha hii. Japani iliingia vitani na ndege ya Zero, nyepesi, yenye kugeuka upesi, iliyoweza kusafiri zaidi ya kilomita 3,000. Marubani wake wa mwaka 1941 walikuwa miongoni mwa walio bora duniani, kwa kuwa walichujwa vikali na kufundishwa muda mrefu. Lakini walikuwa wachache, na waliachwa mstari wa mbele mpaka wafe. Marekani ilifanya kinyume. Rubani aliyepigana vizuri aliondolewa vitani baada ya muda, akarudishwa nyumbani kufundisha. Bila shaka wako waliolalamika kwamba wanaondolewa watu hodari wakati wanahitajika. Matokeo yalionekana Juni 1944 karibu na visiwa vya Mariana, ambako Wajapani walipoteza mamia ya ndege kwa siku mbili, nyingi zikiwa mikononi mwa vijana wasiojua kazi. Ndege zilikuwapo, lakini walimu walikuwa wamekwisha kufa.

Ujerumani ilianguka katika shimo hilohilo. Katika majira ya baridi ya 1942 na 1943, jeshi lake lilipozingirwa Stalingrad, wakufunzi waliondolewa katika shule za urubani wakarushe ndege za kupeleka chakula na risasi. Wengi hawakurudi. Mafunzo ya rubani mpya, ambayo mwanzoni mwa vita yalizidi saa 200, yalikatwa mpaka nusu au chini ya hapo, petroli nayo ikaadimika. Mwaka 1944 viwanda vya Ujerumani vilitoa karibu ndege 40,000, zaidi ya mwaka wowote mwingine. Vilitoa hata Messerschmitt Me 262, ndege ya jeti iliyokwenda kilomita 870 kwa saa, isiyofikiwa na ndege ya rafadha. Haikusaidia. Uingereza na wenzake, kwa upande mwingine, walikuwa wamekubaliana tangu Desemba 1939 kufungua mafunzo makubwa huko Kanada, mbali na risasi, na mpango huo ulitoa marubani na wahudumu wa ndege zaidi ya 130,000.

Mkulima yeyote anaelewa habari hii bila kuona ndege. Njaa ikibisha hodi, mbegu iliyotundikwa juu ya moshi huonekana kama chakula. Anayeila leo analala ameshiba, na mvua ikinyesha hana cha kupanda. Mwalimu ndiye mbegu. Kumwondoa darasani wakati wa shida huonekana kuwa ni busara, kwa sababu faida yake huonekana leo, na hasara yake huja baada ya misimu miwili.

Baada ya vita hiyo, mambo yalikwenda mbio. Katika Korea, kuanzia mwaka 1950, jeti zilipigana na jeti: MiG-15 ya Warusi na Sabre ya Wamarekani, zote zikiwa na mabawa yaliyolazwa nyuma. Injini ya MiG-15 ilitokana na injini ya Rolls-Royce ambayo Uingereza yenyewe iliwauzia Warusi baada ya vita. Kisha ikaja MiG-21, yenye kasi mara mbili ya sauti, iliyotengenezwa zaidi ya 10,000 na kutumiwa katika nchi nyingi. India iliziaga za kwake mwezi Septemba 2025, baada ya miongo sita. Wataalamu wa miaka ya 1950 walidhani kombora limemaliza mapigano ya karibu, ndiyo maana ndege ya Phantom ya Marekani ilipelekwa Vietnam bila bunduki ndani yake. Makombora yalikosa mara nyingi, na MiG ndogo zikawasumbua. Jeshi la anga likadai bunduki irudishwe katika Phantom zilizofuata. Jeshi la majini likafungua shule. Mwaka 1969 lilianzisha huko Miramar, California, kozi ambayo dunia inaijua kwa jina la Topgun. Wakufunzi waliigiza adui kwa kutumia ndege ndogo zilizofanana na MiG, na kila mhitimu alirudi kikosini kwake kuwafundisha wenzake. Kwa hesabu za jeshi hilo, kabla ya hapo lilikuwa likiangusha ndege mbili au tatu kwa kila moja iliyopotea, na mapambano yaliporudi mwaka 1972 likawa linaangusha zaidi ya kumi.

Kwetu Tanzania, Wakanada walisaidia kufundisha marubani wa jeshi katika nusu ya pili ya miaka ya 1960, na katika miaka ya 1970 Wachina wakasaidia katika ndege za kivita. Oktoba 1978 ndege za Idi Amin zilipoleta mabomu katika mkoa ambao wakati ule uliitwa Ziwa Magharibi, mimi nilikuwa mkufunzi kijana katika Kanda ya Ziwa. Tulizisikia MiG zetu zikiruka kutoka Mwanza, na somo lilisimama lenyewe, kwa kuwa hakuna chaki inayoweza kushindana na mngurumo ule. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ilijaribu kuupiga mji wa Mwanza. Mabomu yakaangukia hifadhi ya wanyama, yakaua swala kadhaa na kumjeruhi mtu mmoja. Tulicheka siku zile, kicheko cha watu walioponea chupuchupu. Mwanachuo mmoja aliniuliza kama rubani wa Libya alikuwa kipofu. Nilimjibu kwamba yawezekana macho yake yalikuwa mazima kuliko yangu, bali tuulize kwanza alifundishwa vipi.

Miaka hiyohiyo sisi walimu tulikuwa na vita yetu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto aingie shule ifikapo 1977, na walimu makumi ya maelfu walitakiwa upesi. Vijana waliomaliza darasa la saba walipewa mafunzo huku wakifundisha. Sikuwadharau wakati ule wala siwadharau leo, maana bila wao mamilioni ya watoto wasingejua kusoma. Marubani wa 1940 wenye saa kumi nao waliiokoa nchi yao. Dharura ni dharura. Ila nchi yenye hekima, hata wakati wa dharura, huweka kando mbegu kidogo: walimu wachache wazuri ambao hawaguswi, wanaoendelea kufundisha walimu polepole, kama inavyopasa. Palipofanyika hivyo, niliona shule zikiinuka baada ya muda. Pasipofanyika, mwalimu aliyefundishwa haraka alimfundisha mwingine haraka zaidi, na kila kizazi kikapoteza kidogo.

Leo hatua nyingine imekuja. Agosti 2020, katika mashindano yaliyofanywa kwa kompyuta nchini Marekani, programu ilimshinda rubani wa kweli wa F-16 mara tano kwa sifuri. Mwaka 2023 ndege halisi iliyoongozwa na programu kama hiyo, huku marubani wakiwa ndani kwa ajili ya usalama, iliruka dhidi ya F-16 iliyorushwa na binadamu. Wako wanaosema kwamba sasa mwalimu amekwisha kazi. Mimi naona swali langu la mwanzo limebaki palepale: huyu alifundishwa na nani, na kwa mifano gani? Mashine hujifunza yale iliyopewa na watu. Tena lipo somo moja ambalo Boelcke alilijua siku ile alipojitupa majini, nalo halimo katika kanuni zake alizoziandika. Kabla ya kumfundisha mtu au mashine namna ya kuua, lazima awepo anayejua ni wakati gani haifai, na aweze kulizuia.

Kwa hiyo, msomaji, ukiona ndege ya kivita ikipita juu ya kichwa chako, ikipasua anga siku ya sherehe za taifa, itazame, maana ni chombo kizuri kukitazama. Kisha uulize kama walimu wa rubani yule wangali hai, kama wanalipwa, na kama wanaachwa wafundishe. Ukipita karibu na shule ya kijiji chako, uliza maswali hayohayo.